Viwanja vya mpira Dodoma: Faida iko mlangoni au nje ya ukuta?

MFANYABIASHARA wa Dodoma akitajiwa neno kiwanja, jambo la kwanza linalomjia ni ardhi iliyopimwa: namba, kitalu, hati na dalali. Uwanja wa mpira huja baadaye. Lakini tangu Serikali ihamie rasmi katika mji huo, mambo hayo mawili yamekaribiana. Kila inapotajwa habari ya uwanja mkubwa wa michezo katika makao makuu ya nchi, wako wanaoanza kuuliza bei ya ardhi ya jirani kabla shimo la kwanza la msingi halijachimbwa.

Kwa mwenye mtaji mdogo swali ni moja. Je, uwanja wa mpira huleta biashara ya kudumu kwa aliyejenga karibu yake, au huleta siku chache za heri na miezi mingi ya kungoja? Historia ya viwanja vya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi nyanda za kati, ina jibu lake. Jibu hilo halitegemei sana ukubwa wa uwanja. Linategemea mambo mawili: milango hufunguliwa mara ngapi kwa mwaka, na funguo anazo nani.

PWANI ILIVYOTANGULIA

Dar es Salaam, mji wa bandari, ndio uliotangulia kuwa na viwanja vya kukusanya watu wanaolipa kiingilio. Enzi za ukoloni mpira ulikuwa Ilala, mahali panapojulikana leo kama Uwanja wa Karume. Ulipofika uhuru, Desemba 9, 1961, sherehe zilifanyika katika Uwanja wa Taifa, upande wa Temeke. Huo ndio Uwanja wa Uhuru wa sasa, ambao mashabiki waliubandika jina la Shamba la Bibi.

Kwa zaidi ya miaka 40 uwanja huo ulibeba mzigo wa taifa zima: mechi za ligi, mechi za nchi, gwaride na mikutano. Mwaka 1993 Simba ilicheza hapo fainali ya Kombe la CAF na kufungwa 2-0 na Stella ya Abidjan. Wakati huo soka ya Tanzania ilikuwa na watazamaji wengi kuliko viti vilivyokuwapo.

Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya jirani na ule wa zamani, wenye viti 60,000. Uligharimu takriban dola za Marekani milioni 56, na China ilichangia karibu nusu ya fedha hizo. Mwaka 2020, baada ya kufariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye ujenzi ulianza katika utawala wake, uwanja ulipewa jina lake. Brazil ilicheza hapo na Taifa Stars Juni 2010, na Agosti 2, 2025 mashindano ya CHAN yalifunguliwa hapo kwa Tanzania kuishinda Burkina Faso 2-0.

Kilichoufanya uwanja huo uwe na kazi si viti 60,000 peke yake. Ni kwamba kwa miaka mingi Simba na Yanga zote mbili ziliutumia kama nyumbani, pamoja na timu ya taifa. Uwanja mmoja ukawa na wateja watatu wakubwa, ndani ya jiji la mamilioni ya watu. Aliyeuza maji, jezi au chipsi upande wa Chang'ombe hakusubiri mwezi mzima kupata siku ya kazi.

Jiji hilo pia lina mfano wa mtu binafsi. Azam FC, timu iliyotokana na makampuni ya Bakhresa, ilijenga uwanja wake Chamazi, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Ni mdogo ukilinganishwa na ule wa Taifa, lakini mwenye timu ndiye mwenye uwanja, na kundi hilohilo la makampuni lina televisheni inayoonyesha ligi. Kiingilio, tangazo la ukutani na picha ya televisheni vyote vinarudi kwenye mfuko mmoja. Hakuna mpangaji anayemlaumu mwenye nyumba kwa nyasi kuungua.

VIWANJA VYA CHAMA

Mikoani historia ilikwenda njia nyingine. Viwanja vingi vinavyojulikana leo vilijengwa wakati wa chama kimoja, na vikabaki mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi: Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, Mkwakwani Tanga, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Kambarage Shinyanga, Majimaji Songea, na Jamhuri mbili, ya Morogoro na ya Dodoma. Halmashauri zilibaki na vichache, kama Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza.

Siku hizo tofauti ya chama, serikali na umma haikuwa suala la kuumiza kichwa. Wananchi walichangia viwanja vyao kwa nguvu na kwa fedha, na aliyesimamia michango alikuwa chama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, hoja ya nani mmiliki halali wa viwanja hivyo iliibuka, na imekuwa ikirudi kila mara bungeni na magazetini. Kwa upande wa hati, viwanja vilibaki vya chama.

Kwa mfanyabiashara, hoja hiyo si ya siasa tu. Mmiliki asiye na timu hapati hasara nyasi zikikauka, wala hapati faida kubwa zikistawi. Analopokea ni kodi ya uwanja siku ya mechi. Timu nayo haioni sababu ya kutia fedha zake katika vyumba na majukwaa yasiyo mali yake. Matokeo yake yanajulikana: kwa nyakati mbalimbali viwanja vya mikoani vimefungiwa kwa kutokidhi kanuni za ligi, timu ikahamishia mechi zake mkoa mwingine. Uwanja ukifungiwa, timu hupakia basi ikaondoka. Mama lishe aliyenunua mchele wa mechi hiyo hana basi la kupanda.

DODOMA NA WENYE NYUMBA WAWILI

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mamlaka hiyo ilishika ardhi yote ya mji na kuigawa kwa mikataba ya upangaji. Mkazi wa Dodoma alizoea kuishi juu ya ardhi ambayo mwenyewe ni mwingine. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikapelekwa kwa halmashauri, na muda wa umiliki ukaongezwa kutoka miaka 33 hadi 99.

Mwaka huo pia Uwanja wa Jamhuri ulipata kazi mpya. Sherehe za Muungano za Aprili 26, 2017 zilifanyika hapo, na zile za Uhuru za Desemba 9 zikafuata. Aprili 26, 2018, katika sherehe za Muungano, ilitangazwa kuwa Dodoma imekuwa jiji. Machi 22, 2021 viongozi wa nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika hapo kumuaga Rais Magufuli. Uwanja uliojengwa kwa mpira wa mkoa ukawa unafanya kazi za uwanja wa taifa.

Shughuli hizo zilijaza nyumba za wageni, lakini hazina kiingilio, na hazirudi kila wiki. Pia siku ya shughuli ya kitaifa ulinzi huwa mkali, barabara za jirani hufungwa, na mwenye meza ya biashara huombwa kusogea. Umati upo, lakini mchuuzi anauona kwa mbali.

Mpira wa ligi nao una historia yake ya kupanda na kushuka. Dodoma Jiji FC ilipanda Ligi Kuu na kuanza kucheza msimu wa 2020/21. Timu hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji. Uwanja inaochezea ni wa CCM. Kwa hiyo mchezo mmoja una wenye nyumba wawili: mmoja anabeba mishahara ya wachezaji, mwingine anashika geti. Anayetaka kukodi eneo la kuuzia vinywaji ndani ya uzio anazungumza na mmoja. Anayetaka kibali cha kuuza nje ya uzio anazungumza na mwingine.

Kuna pia gharama ambayo pwani haiijui sana. Dodoma ni nchi kame. Mvua huanza kama Desemba na kukoma kama Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Maji ya mji kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora. Nyasi za asili zinazobaki kijani Septemba na Oktoba zinakunywa maji yenye bei. Mwenye kupanga bajeti ya uwanja katika nyanda za kati na akasahau bomba amepanga nusu ya bajeti.

HESABU YA SIKU

Tuseme ligi ina timu 16, kama ilivyokuwa katika misimu ya karibuni. Kila timu inacheza mechi 30, na 15 tu kati ya hizo ni za nyumbani. Ongeza mbili au tatu za kombe ikiwa bahati ipo. Mwaka una siku 365. Uwanja wenye timu moja ya Ligi Kuu, kwa upande wa mpira, unafanya kazi siku zisizofika 20.

Na siku hizo si sawa. Mechi zinazojaza uwanja ni mbili, ile ya Simba na ile ya Yanga. Nyingine 13 huleta mashabiki wa kawaida wa mji. Kibanda cha nyama kilichojengwa kwa mkopo wa benki kwa kutegemea geti la Jamhuri kina siku mbili za neema, siku 13 za kujikimu, na siku 350 za riba.

Linganisha na mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji. Hauna majukwaa wala taa za usiku. Lakini hufanyika kila Jumamosi, na Jumamosi ni 52 kwa mwaka. Mchoma nyama wa Msalato anajua wiki hii atauza mbuzi wangapi kwa sababu anakumbuka wiki iliyopita. Linganisha pia na mkutano wa bajeti wa Bunge, unaoanza Aprili na kwenda hadi Juni: wiki nyingi mfululizo za wageni wanaolala, wanaokula na wanaopanda teksi. Mwenye nyumba ya wageni Dodoma anaishi kwa Bunge na ofisi za Serikali. Mpira kwake ni mchuzi, wali uko kwingine.

Wako wanaotaja Marekani, ambako mitaa mizima inaishi kwa uwanja mmoja. Mfano ni San Francisco, mji wa pwani ya Pasifiki. Timu yake ya besiboli, Giants, ilicheza tangu 1960 katika uwanja wa Candlestick, uliojengwa mahali penye upepo mkali na mbali na katikati ya mji. Mwaka 2000 ikahamia uwanja mpya kando ya ghuba, karibu na ofisi na maduka, uliojengwa zaidi kwa fedha za watu binafsi. Hata jina la uwanja liliuzwa kwa kampuni ya simu, na limebadilika mara tatu tangu hapo kwa kufuata mnunuzi.

Lakini anayetaja mfano huo asisahau kalenda. Timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 81 nyumbani kila msimu, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Hizo ni zaidi ya mara tano ya mechi 15 za Dodoma. Mwenye mgahawa wa jirani ana miezi sita ya wateja karibu kila wiki. Na hata huko hakuna dhamana. Ng'ambo ya ghuba hiyohiyo, timu ya Athletics ilikaa katika uwanja wa Oakland tangu 1968, na Septemba 2024 ikacheza mechi yake ya mwisho hapo na kuhama. Waliotegemea geti hilo walibaki na uwanja usio na timu ya besiboli.

TELEVISHENI NA RELI

Mambo mawili yamebadilisha hesabu hizi Tanzania. La kwanza ni televisheni. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya sh. bilioni 225.6. Kwa wastani ni sh. bilioni 22.56 kwa mwaka. Fedha hizo ziliifanya timu ya mkoani isitegemee mlango pekee, na hilo ni jema kwa timu. Kwa mchuuzi wa nje ya ukuta, maana yake ni kwamba mteja anaweza kubaki Chang'ombe ya Dodoma, Chamwino au Kibaigwa, akatazama mechi kwenye kibanda umiza au baa. Fedha ya mpira haijapungua, imetawanyika. Mwenye luninga kubwa, jenereta na friji la soda anaweza kupata sehemu yake ya kila mechi ya ligi, si 15 tu za Jamhuri.

La pili ni reli. Treni ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na safari ambayo kwa basi ilikula siku nzima ikawa ya saa chache. Shabiki wa Yanga kutoka Dar es Salaam anaweza sasa kuja na kurudi bila kutafuta kitanda, ratiba ikimruhusu. Wageni wa mechi kubwa huenda wakaongezeka, lakini wanaolala wasiongezeke kwa kiasi hicho. Mwenye chakula cha haraka na bodaboda ana sababu ya kufurahi. Mwenye vyumba apige hesabu upya.

AHADI YA MWAKA 2016

Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco alizuru Tanzania. Katika ziara hiyo ilitolewa ahadi ya kujenga msikiti Dar es Salaam na uwanja mkubwa wa michezo Dodoma. Msikiti ulijengwa, uko Kinondoni. Uwanja haukujengwa kwa ahadi hiyo. Eneo lililotajwa lilikuwa Nzuguni, mashariki mwa mji kwenye barabara iendayo Morogoro. Miaka iliyofuata, uwanja mkubwa wa Dodoma uliingia katika mipango ya Serikali yenyewe.

Septemba 27, 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Matumaini ya Dodoma yalipanda tena. Lakini mkataba wa uwanja mpya uliotangulia, mwaka 2024, ulikwenda Arusha, kwa uwanja wa watu 30,000.

Aliyenunua ardhi Nzuguni kwa sababu ya uwanja tu alijifunza maana ya kungoja. Aliyenunua hapohapo kwa sababu nyingine hakuwa na haja ya kungoja. Nzuguni ina viwanja vya maonyesho ya Nanenane, ikapata stendi kuu ya mabasi, na likajengwa Soko la Ndugai. Basi linaingia kila siku. Soko linafunguliwa kila asubuhi. Uwanja ukija, utawakuta wafanyabiashara hao wameshasimama, na siku za mechi zitakuwa nyongeza. Ukichelewa, biashara yao haifi.

SINGIDA WALIVYOJARIBU

Jirani wa Dodoma katika kanda ya kati ameonyesha njia ya tatu. Singida kwa miaka mingi ilikuwa na Uwanja wa Namfua, ambao baadaye ulipewa jina la Liti. Mkoa umepitia timu zilizobadilika majina na wamiliki, moja ikiondoka, nyingine ikiingia. Mwaka 2025 Singida Black Stars ilifungua uwanja wake yenyewe, na uwanja huo ukabeba jina la Airtel.

Ni uwanja wa kiasi, si wa kushindana na ule wa Mkapa. Lakini mwenye timu ameshika funguo, na jina limeuzwa kwa kampuni ya simu kama walivyofanya wa San Francisco. Hatari yake iko wazi: uwanja wa mtu mmoja unategemea mfuko wa mtu mmoja, na Singida imeshuhudia timu zikihama. Hata hivyo, kwa anayetaka kukodi duka ukutani, ni rahisi kujua mkataba atasaini na nani.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuuweka karibu na uwanja wowote wa nyanda za kati, historia hii inampa maswali ya kuuliza kabla ya kufungua pochi.

Kwanza, ni siku ngapi kwa mwaka milango itafunguliwa, na kwa timu ngapi? Uwanja wa timu mbili una thamani mara mbili kwa mchuuzi, hata ukiwa na viti nusu.

Pili, mwenye uwanja ni nani, mwenye timu ni nani, na mwenye ardhi ya nje ya ukuta ni nani? Wakiwa watu watatu tofauti, ushuru unaweza kuwa mara tatu na dhamana isiwepo hata moja.

Tatu, uwanja ukifungiwa miezi mitatu, biashara hiyo itamuuzia nani? Kama hakuna stendi, soko, shule, hospitali wala ofisi karibu, jibu ni kwamba haitamuuzia mtu.

Nne, je, mtaji unahamishika? Meza, jiko la mkaa, pikipiki na friji vinaweza kufuata mechi, mnada au Nanenane ya Agosti. Fremu ya matofali haifuati.

Bei ya kiwanja cha kujenga kilicho karibu na uwanja ambao haujajengwa ni bei ya matumaini, na muuzaji ndiye anayeipanga. Wafanyabiashara wa karanga, ubuyu na zabibu wanaozunguka Jamhuri siku ya mechi hawakununua ardhi yoyote. Mechi ikiisha wanafunga ndoo zao, na Jumamosi wako Msalato.